Moto wa Arobaini

Nikirudi shuleni, kabla hata sijavua viatu, ilikuwa lazima nipite chumbani kwa Bibi nimpe shikamoo. Bibi hakuwa mtu wa kuuliza habari za masomo. Aliuliza nimekula nini, nimekula na nani, na kama mikono yangu ina baridi. Jibu langu hakulitegemea. Aliishika mikono mwenyewe ahakikishe, maana alisema watoto wa Marekani wana maneno mengi na vidole vya barafu. "Marahaba, mke mwenzangu," alinitania. "Haya, vua hayo maviatu yako ukaoshe vyombo."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa nyumba yetu ya Woodbridge tangu Bibi Genoveva afike kutoka Njombe. Hakuja kututembelea. Alikuja kumzika mwanawe Zefania, yaani baba yangu. Baba alikuwa dereva wa basi la shule. Asubuhi moja mwanzoni mwa Novemba aliinama afunge kamba za viatu aende kazini, akaanguka palepale mlangoni, wala hakuinuka tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mdogo wangu Ombeni alikuwa na minane, na mpaka leo hataki viatu vya kamba.

Tulimzika hukuhuku Virginia, kwenye makaburi yenye misonobari, dakika ishirini kwa gari kutoka nyumbani. Kaburini paliwekwa kibao kidogo cha plastiki chenye jina lake. Jiwe lenyewe, lenye msalaba, lilikuwa linachongwa na lingewekwa Pasaka. Bibi akasema haondoki mpaka aone jiwe hilo kwa macho yake na kulishika kwa mkono wake.

"Mimi nina miaka sabini na minne," alimwambia Mama. "Nikipanda ndege kurudi, huku sirudi tena. Niache nimfunike mwanangu, Domina, ndipo niende."

Mama alimkumbatia, akamwambia akae hata mwaka mzima akitaka. Tangu afike, Bibi hakuwa ameomba kitu kingine chochote. Nataka mlishike hilo vizuri kabla sijawaeleza nilichofanya.

Nyumba za huku hazina moto wa kuota kama jiko la Bibi kule Njombe. Kuna hita. Ni sanduku kubwa la chuma lililoko chumba cha chini kabisa, linalochoma gesi na kupuliza hewa ya moto katika kila chumba. Baba alilijali sanduku lile jamani! Kila mwezi alilibadilishia kichujio na kulipangusa vumbi. Baridi ikianza alisimama ngazini akilisikiliza linavyowaka, kisha anatuambia, "Hilo halina neno. Laleni."

Mwezi wa Desemba, zikiwa zimebaki siku mbili tufanye arobaini yake, hita ikafa. Iliyoharibika ni valvu, kile kifaa kinachoruhusu gesi kuingia kwenye moto. Mama akampigia simu Anko Laurean, fundi wa hita anayekaa Springfield. Anko Laurean na Baba walikuwa marafiki tangu walipokuwa vijana wageni katika nchi hii, wakilala chumba kimoja na kupokezana koti moja la baridi. Akasema angekuja kesho yake, Ijumaa jioni, na valvu mpya.

Ijumaa hiyo nilirudi shuleni, nikaingia chumbani kwa Bibi na shikamoo yangu mdomoni. Kitanda kitupu! Kwa wiki zote zile Bibi alikuwa hatoki chumbani ila kwa sala na kwa choo. Chakula alikigusa tu, akarudisha sahani. Nikakimbilia jikoni, na huko nikamkuta amesimama, kitenge kiunoni, sweta ya kijivu ya Baba mwilini, mwiko mkononi. Sufuria mbili kubwa za makande zilikuwa zinatokota juu ya jiko la gesi. Na alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba taratibu wimbo wa kanisani, wa kwao.

"Bibi, umeamka!"

"Nimeamka. Kesho ni siku ya baba yako. Ulitaka wageni wale mikate ya dukani?" Akaninyooshea mwiko. "Sikiliza, Violet. Kwetu sisi, moto wa kumalizia msiba ukishawashwa hauzimwi mpaka wageni wale, washibe, waage. Ukiuzima katikati ni kama umemfukuza marehemu mlangoni pako. Huu ni moto wa baba yako. Asiuguse mtu."

"Sawa, Bibi," nikasema. Mama alikuwa bado kazini, anakohudumia wazee wasiojiweza, kwa hiyo nyumbani tulikuwa Bibi, Ombeni na mimi.

Haikupita nusu saa, Anko Laurean akabisha hodi. Aliingia kwa mlango wa chini kwa sababu viatu vyake vilikuwa na tope la theluji, naye hakutaka kumchafulia nyumba mama mfiwa. Akazima umeme na gesi ya hita, akafungua ile valvu mbovu, akafunga mpya. Alipofungulia gesi tena alipaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Halikutoka hata povu moja, maana yake gesi haivuji. Kisha akaiwasha hita, akachomeka mpira mwembamba wa kipimo chake kwenye valvu, akasoma. Akatabasamu.

"Presha iko sawa kabisa," akasema. "Unajua kwa nini tunapima, Violet?"

"Sijui, Anko."

"Gesi ikija kwa presha ndogo, moto unakuwa mnyonge, nyumba haipati joto. Ikija kwa presha kubwa kupita kiasi, moto unaunguza chuma cha ndani. Chuma hicho kikipasuka, hewa yenye sumu inaingia vyumbani, na hewa hiyo haina harufu wala rangi. Inaua watu wamelala. Ndiyo maana fundi hakisii. Anapima mara mbili. Kwanza presha hapa kwenye valvu, halafu anaenda kuiuliza mita ya gesi kule nje hita inakula kiasi gani."

Akanionyesha bati lililobandikwa ubavuni mwa hita, lenye tarakimu ndogondogo. Alikuwa ameshapiga hesabu yake. Kwenye mita kulikuwa na mshale mdogo unaozunguka kama wa saa. Kwa hita ya ukubwa wa kwetu, mshale ulipaswa kumaliza mzunguko mmoja kwa sekunde arobaini na sita. Ukizunguka haraka zaidi, hita inakula gesi nyingi mno. Ukichelewa, inakula kidogo.

"Ila mita haijui kuchambua," akaendelea. "Inahesabu gesi yote ya nyumba kwa pamoja. Mtungi wa maji ya moto nimeshauzima. Wewe panda juu, uzime jiko. Dakika kumi tu, halafu mtawasha."

Nilipanda. Haki ya Mungu nilipanda nikiwa na nia ya kusema. Nikasimama mlangoni mwa jikoni nikaita, "Bibi." Akageuka. Uso wake ulikuwa umepata jasho la moto, macho yamechangamka, na mdomoni kulikuwa na tabasamu. Sikuwahi kuliona tabasamu hilo tangu nimpokee uwanja wa ndege. Akachota makande kwa ncha ya mwiko, akayapuliza.

"Onja. Baba yako alikuwa anayaiba kabla hayajaiva. Nilikuwa namfukuza na mwiko huuhuu... hapana, si huuhuu, lakini wa namna hii." Akacheka kidogo.

Nikaonja. Maharage yalikuwa bado magumu. Nikasema matamu, nikashuka ngazi.

"Umezima?" Anko Laurean akauliza.

"Nimezima."

Ndivyo ilivyokuwa. Neno moja. Nilijiambia vile vimoto viwili vya jikoni ni vidogo, na hita ni kubwa, kwa hiyo vingeharibu nini?

Anko alitoka nje kwenye mita na simu yake ya kuhesabia sekunde. Aliporudi alikuwa amekunja uso. "Thelathini na sita," akasema. "Haiwezekani." Akasoma tena kipimo chake cha presha, akatoka tena nje, akarudi. "Kipimo kinasema sawa, mita inasema hita inakula kupita kiasi. Violet, una uhakika kule juu hakuna kinachowaka?"

"Hakuna, Anko."

"Mbona nasikia harufu ya maharage?"

"Bibi amemaliza kupika. Yameiva."

Tazameni nilivyokuwa hodari! Uongo wa kwanza ulizaa wa pili na wa tatu, na wote ulitoka bila kigugumizi. Anko Laurean alitazama ngazi, akatazama viatu vyake vya tope, akatikisa kichwa.

"Basi itakuwa fundi wa zamani alipanua matundu ya vile vichuma vya kupitishia gesi humu ndani," akasema. "Siwezi kuiacha hivi, itaunguza chuma. Nitapunguza presha kwa sasa. Mwaka mpya nitakuja na vichuma vingine nibadilishe."

Akafungua kifuniko kidogo cha valvu. Ndani yake kulikuwa na skrubu. "Angalia kwa macho tu," akanionya. "Hii haiguswi na mtu asiyeisomea." Akaizungusha kwa bisibisi polepole, akitoka na kuingia, mpaka mshale wa mita ukazunguka kwa sekunde arobaini na sita. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kile kidirisha cha hita, nikiuona moto wa buluu unavyopungua kimo. Nilijua kwa nini unapungua. Nikanyamaza.

Siku ya arobaini ilikwenda vizuri. Baada ya misa watu walijaa nyumbani mpaka ngazini, wengine wametoka Annandale, wengine Springfield. Wakala makande ya Bibi, wakaimba, wakasimulia habari za Baba na vituko vyake. Na watu sitini ndani ya nyumba moja wanatosha kuipasha joto, hata fundi hahitajiki. Jioni wageni walipoaga, Bibi mwenyewe alizima jiko, akaweka kiganja juu ya sufuria tupu, akasema, "Haya, mwanangu. Umekula na watu wako." Nikajiona nimefanya jambo jema.

Jumatatu baridi kali ikashuka. Kile kipimo cha ukutani kinachoiamuru hita tulikiambia nyumba ifike sabini, kwa hesabu za joto za Marekani. Ikafika sitini na moja, ikagoma hapo. Hita ilivuma mchana kutwa bila kupumzika, na hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu. Tulivaa makoti mezani. Mama alimpigia Anko Laurean, akaiweka simu kwenye spika, nami nikasikia kila neno.

"Shemeji, nawahurumia sana, lakini sithubutu kuongeza," alisema. "Mita ilinionyesha inakula kupita kiasi. Nikiongeza naweza kuwaua. Nimeagiza vichuma vipya vya gesi, vumilieni mpaka mwaka mpya."

Niliingia bafuni, nikafungulia maji kwa nguvu nisisikike nikilia. Kisha nikatoka, nikaendelea kunyamaza. Unaweza kudhani kusema ukweli baada ya siku tatu ni rahisi kuliko siku ya kwanza. Jaribu uone.

Bibi ndiye aliyeumia kuliko sisi. Alianza kukohoa. Alijifunika mablanketi mawili na koti la Mama juu yake, na bado meno yaligongana. Mama alimpeleka hospitali. Daktari akasema kifua hakijaharibika, ila akae mahali penye joto. Watu wa kanisani waliokuja kumwona walishangaa. "Bibi wa Njombe anashindwa na baridi? Si mmezaliwa kwenye ukungu nyinyi?" Bibi hakuwa na nguvu za kurudisha utani.

Siku ya Krismasi alikuja Baba mkubwa Silvanus, kaka yake Baba, anayekaa Annandale. Alimtazama mama yake akitetemeka kwenye kochi, akamwita Mama pembeni. Pembeni kwenyewe ni jikoni, na kuta zetu ni nyembamba.

"Hii si baridi, Domina. Huu ni msiba. Mama anaisha. Tarehe tatu Januari mimi nasafiri kwenda nyumbani. Nitaondoka naye."

"Lakini aliomba akae mpaka jiwe liwekwe."

"Unataka tuweke mawe mawili?"

Walipomwambia Bibi, alikataa siku ya kwanza, akakataa ya pili. Siku ya tatu akasema kwa sauti ndogo, "Labda ni kweli. Nilidhani nitaweza. Mwili wangu umeikataa nchi hii."

Tarehe thelathini Desemba, baada ya kunywa chai, nilimkuta Bibi ameketi kitandani, sanduku limefunguliwa miguuni pake. Alikuwa anakunja sweta ya Baba. Aliikunja, akaikunjua, akainusa, akaikunja tena. Nikataka kurudi nyuma, akaniona.

"Njoo, mke mwenzangu. Nina kazi nataka nikupe." Akatoa kitenge chake cha bluu, kile alichovaa siku ya mazishi, kimefuliwa na kupigwa pasi. "Pasaka mtakapokwenda kuweka jiwe, chukua hiki. Ulitandike jiwe dakika moja tu, kisha ukikunje urudi nacho. Baba yako atajua ni mimi. Utaweza?"

Nilinyoosha mikono nikipokee. Bibi akaishika, kama kawaida yake, ajue kama ina baridi. Ya kwake ilikuwa ya baridi kuliko yangu.

Hapo nikashindwa. Nilipiga magoti nikalia mpaka Ombeni akaja mbio. "Si mwili wako, Bibi! Ni mimi! Ni mimi niliyekutia baridi!"

Bibi hakuelewa. Mama, aliyekuwa anajitayarisha kwenda kazini, alisimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi. Nikawaeleza yote: jiko, mita, neno moja, halafu la pili na la tatu. Nilitegemea kofi. Mama aliketi sakafuni taratibu, akaufunika uso.

"Siku kumi na tano," alisema. "Siku kumi na tano, Violet, namwangalia mama mkwe wangu akitetemeka, na wewe unajua?"

"Ndiyo, Mama."

Akanipa simu yake. "Mpigie Anko Laurean. Mwambie mwenyewe."

Nilimwambia. Akasema, "Nakuja," akakata.

Alifika kabla ya saa sita mchana. Safari hii alivua viatu, akapanda mpaka jikoni akiwa na soksi. Kwenye jiko kulikuwa na birika la Bibi. Anko akainama kidogo kwa heshima. "Shikamoo, mama. Naomba ruhusa nizime moto wako kwa dakika chache."

"Zima, baba," Bibi akajibu.

Akazima kwa mkono wake, akagusa kila kitufe kuhakikisha, akashuka kuuzima na mtungi wa maji ya moto. Kisha tukatoka nje, mimi naye, kwenye mita. Theluji ilikuwa imeganda pembeni mwa ukuta. Akanipa simu ya kuhesabia. "Hesabu wewe."

Mshale ulizunguka kwa uvivu. Nilihesabu na kuhesabu. "Sitini na sita, Anko."

Alirudi ndani, akachomeka kipimo chake, akafungua kile kifuniko, akaizungusha skrubu kidogokidogo. Kipimo kilipofika pale kilipokuwa siku ile ya kwanza kabisa, tukatoka kuhesabu tena. Arobaini na sita. Nikaitazama ile tarakimu kwenye simu mpaka ikapotea kwenye machozi. Hita yetu haikuwa na kasoro yoyote tangu mwanzo.

Anko alirudisha kifuniko, akapaka sabuni tena, akajaribu kile king'ora cha ukutani kinacholia hewa ya sumu ikitokea. Alipomaliza akaketi kwenye ngazi ya chini, akanionyesha nikae kando yake.

"Unajua kinachoniuma? Kipimo changu kiliniambia presha ni sawa. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na saba, sijawahi kukidharau. Siku ile nilikidharau, nikaamini neno lako, kwa sababu wewe ni mtoto wa Zefania." Akageuka akazitazama ngazi. "Kosa langu lipo. Ngazi hizi ni kumi na tatu tu, ningeweza kuzipanda nikaangalie mwenyewe. Hilo ni langu, nimeshamwomba mama yako radhi. Lakini nikuulize. Ungeniambia, 'Anko, Bibi hataki moto uzimwe,' ungedhani ningefanya nini?"

"Ungekasirika. Ungesema lazima."

"Ningeacha presha pale kipimo kilipoitaka. Ningenawa mikono, nikapanda juu kula makande. Halafu Jumapili, wageni wakishaondoka, ningerudi kuhesabu mita. Basi, kwisha." Akanigeukia. "Mimi na baba yako tulivaa koti moja, Violet. Ulidhani mimi ningezima moto wake?"

Kofi la Mama lingeniuma kidogo kuliko swali lile. Nililia, naye akaniacha nilie, akinishika bega.

"Ulikuwa unamhurumia Bibi, naelewa," akasema nilipotulia. "Huruma si kosa. Lakini ukweli ukiwa mgumu, mletee mtu mzima hivyohivyo ulivyo mgumu, akusaidie. Ukiuficha, watu wote tunaokuamini tunaanza kupima vibaya. Mimi nilipima vibaya, mama yako akapima vibaya, baba yako mkubwa akadhani mama yake anakufa kwa msiba. Wote tulikuwa na akili zetu timamu. Tulichokosa ni neno moja la kweli kutoka kwako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Anko. Nisamehe."

"Nimekusamehe kabla sijawasha gari kule Springfield. Nenda kwa Bibi yako."

Kufika alasiri kipimo cha ukutani kilisoma sabini. Ombeni alivua koti, akavua na soksi, akakimbia sebuleni akipiga kelele. Nilimkuta Bibi ameshaondoa mablanketi. Nilitegemea atafurahi. Alikuwa ameketi na sweta ya Baba mapajani, machozi yanatiririka.

"Joto limerudi, Bibi," nikamwambia kwa woga.

"Limerudi," akasema. "Nilikuwa najidanganya kwamba kinachonitetemesha ni baridi. Baridi sasa imeondoka, na Zefania wangu bado hayupo." Akanivuta karibu. "Nami nina sehemu yangu. Nilikwambia asiuguse mtu, nikakubebesha mzigo ambao si wa mtoto. Lakini usinifiche tena kitu, Violet. Mimi nimeshazika mtoto. Kuna neno gani lako litakalonishinda kusikia?"

Tukalia pamoja, mpaka tukachoka. Nyumba nzima ilikuwa na joto, na hatukuwa na sababu nyingine ya kulia isipokuwa Baba.

Adhabu ya Mama ilikuwa nimpigie Baba mkubwa Silvanus na kumweleza mwenyewe, bila kupunguza hata neno. Alinikaripia, na nilistahili. Tarehe mbili alikuja kuona kwa macho yake. Alivua koti, akavua sweta, akajifuta jasho, na Bibi akamwambia, "Nenda salama, Silvanus. Wasalimie nyumbani. Mimi nitakuja jiwe likishawekwa."

Jumatatu ya Pasaka tulikwenda makaburini, familia yetu na Anko Laurean. Jiwe lilikuwa la kijivu, na jina la Baba limechongwa vizuri. Bibi alitembea mpaka pale polepole, akalishika kwa viganja vyote viwili kama alivyosema atafanya. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa kile kitenge cha bluu.

"Shika ncha ile," akaniambia.

Nikashika. Tukalitandika jiwe, mimi upande wangu, yeye upande wake, tukasimama kimya. Dakika moja ilipopita tulikikunja, akakirudisha mfukoni. Upepo ulikuwa bado na ubaridi kidogo. Njiani kurudi kwenye gari Bibi aliishika mikono yangu, akaibonyezabonyeza, kisha akaniuliza nimekula nini asubuhi.